Haisi ya kulala: paa unatoboa kwanza, kelele unazifuata baadae

Swali lenyewe nalifupisha hapa: "Shikamoo fundi. Nina Haisi ya 2008 yenye paa refu, mimi na mke wangu tunaigeuza iwe ya kulala, tukipata likizo tunatoka nayo Dar tunaenda Mikumi, Ruaha, Kitulo mpaka kwa wazee Songea. Kitanda nimeshaweka. Shida ni mbili, usiku ndani panakuwa tanuri na asubuhi bati linatudondoshea maji, alafu mvua ikinyesha hatusikilizani na barabarani injini inanguruma utadhani iko chini ya mto. Jamaa wananiambia nitoboe paa niweke feni, na kelele nibandike trei za mayai na vipande vya godoro. Naogopa kutoboa. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Woga wa kutoboa naujua vizuri, mi nimekata mapaa ya magari ya watalii hapa Arusha miaka mingi, yale unaondoa paa karibu lote unaweka la kunyanyuka ili wageni wasimame wapige picha simba, na mpaka leo ile dakika msumeno unagusa bati la gari ya mtu tumbo linanicheza. Shimo lako wewe ni la sentimita 36 kwa 36 tu. Utapona.

Trei za mayai tuzimalize hapahapa: hazizuii kelele. Zinapunguza mwangwi kidogo chumbani na basi, ni karatasi, haina uzito, sauti inapita kama haijaona kitu, na ndani ya gari zinashika unyevu na moto. Godoro nalo ni baya zaidi, linanyonya maji kama sponji ya kuoshea vyombo, linakaa bichi kwenye bati miezi, siku unalibandua unakuta kutu imeshakula mpaka unaona nje. Na likishika moto moshi wake ni sumu. Wape jamaa zako salamu.

Sasa elewa kitu kimoja kabla hujanunua hata skrubu. Hewa na kelele zinatumia njia zilezile. Kila tundu unaloacha ili upumue, kelele nayo inalipenda, na kila unapoziba ili upate utulivu unajinyima hewa. Ndo maana ukimpa fundi mmoja afanye feni na mwingine aje mwezi ujao kufanya kelele wanaharibiana kazi. Mpangilio ni huu: unavua siling yote ndani ubaki na bati tupu, unatoboa, unafunga feni, unamwaga maji kuhakikisha, ndo unabandika vya kuua mtetemo, ndo unafuata kizuia joto, siling inarudi mwisho kabisa. We umeshaweka kitanda, nakushauri kitoe, kifunike pembeni, kwasababu chenga za bati zikiingia kwenye godoro hutalala humo mwaka mzima.

Feni. Zile za magari ya kulala za volti 12, kama MaxxFan au Fan-Tastic, zimetengenezwa kwa shimo la inchi 14 kwa 14, ndo hizo sentimita 36. Za Ulaya nyingi zinataka 40 kwa 40, kwahiyo usikate kabla feni haijafika mkononi, upime fremu yake yenyewe. Feni kubwa ya namna hii ikiwa mwisho kabisa inatoa kama mita za ujazo 25 za hewa kwa dakika, na Haisi yako, bila kuhesabu sehemu ya viti vya mbele, ndani ina mita za ujazo sita saba hivi, kwahiyo kwenye karatasi inabadilisha hewa yote mara tatu nne kwa dakika moja. Kwenye karatasi nimesema, maana hapa ndo wengi wanapokosea: feni haivuti hewa ambayo haina pa kuingilia. Ukifunga madirisha yote ukawasha, inalia tu inazunguka, nimewahi kuitiwa feni "mbovu" nikaja nikateremsha kioo cha dereva vidole vitatu, feni ikapona palepale na mwenye gari akanikatalia hela ya nauli.

Shimo la paa ni kama sentimita za mraba 1,300. Ukitaka nguvu yote ya feni, pa kuingilia nako pakaribie hapo. Usiku huhitaji nguvu yote, unaweka namba ndogo, unafungua madirisha mawili kidogo, ila yawe MBALI na feni. Hewa mvivu, inafuata njia fupi. Feni ikiwa juu ya mlango wa pembeni na mlango uko wazi, hewa inaingia mlangoni inatokea juu, nyie mliolala nyuma hamuoni kitu. Kwa kitanda chako kilivyo nyuma ningeiweka feni juu ya sehemu ya miguu au katikati kuelekea nyuma, hewa iingie madirisha ya mbele, upande wa kivuli, ipite juu yenu ndo itoke. Madirisha uyawekee wavu, kwasababu wavu wa feni hauwazuii mbu wanaoingia dirishani, na kule Mikumi mchana kuna mbung'o, wale hawana utani hata kidogo.

Wengine watakwambia uweke feni za kompyuta, bei rahisi na kimya. Ni kweli kimya, ila ya sentimita 12 inatoa chini ya mita 2 za ujazo kwa dakika, ni ya kusaidia jiko au friji, haitakutoa jasho la Dar mwezi wa pili.

Haya, kutoboa. Kwanza ulijue paa, chukua sumaku ya friji panda nayo juu, ikishika ni bati, isiposhika ni faiba. Kama ni faiba umekwepa kutu ila vaa barakoa na mikono mirefu, vumbi lake linawasha siku tatu. Kwa ndani utaona vile vyuma vinavyokatiza paa upande hadi upande, mafundi bodi tunaviita ribu. HUKATI RIBU. Shimo linakaa kati ya ribu na ribu, na kama haliingii unasogeza shimo, husogezi ribu. Angalia pia waya za taa za ndani zinapita wapi.

Pima kutokea ndani, toboa kitundu kimoja kidogo katikati, panda juu upime tena kutokea hicho kitundu. Bandika masking tepu pana eneo lote, chora juu ya tepu, kwahiyo mguu wa msumeno haukwaruzi rangi. Toboa kona nne kwa biti kubwa, pitisha jigsoo yenye bledi ya meno madogomadogo ya kukatia bati, nenda polepole, na mtu wa chini ashikilie kipande kisianguke kikakunja bati mwishoni. Chini yake gundisha mfuko wa plastiki au shuka kuukuu kwa tepu iwe kama kikapu, chenga zote zidondokee humo.

Grainda usiilete. Hili nalisema kwa aibu, gari yangu ya kwanza ya namna hii nilikata kwa grainda kwasababu ndo niliyokuwa nimezoea, cheche zikaruka zikajichoma kwenye rangi ya paa na kwenye kioo cha nyuma, sikuona kitu siku ile, nikaosha gari nikaikabidhi inang'aa. Baada ya mvua mbili paa likatoka madoadoa ya kahawia kama limepata surua. Kila cheche ilikuwa chembe ya chuma imezama kwenye rangi. Nililipiga rangi paa zima kwa hela yangu.

Ukimaliza kukata, piga faili kingo, futa chenga zote kwa sumaku iliyofungwa kwenye mfuko, pitisha msasa, alafu piga praima ya kuzuia kutu kwenye bati lililo uchi, iache ikauke, rudia, ndo rangi. Usiruke hii hata kama jua linazama. Kutu ya shimo la feni haianzi juu unapopaona, inaanza pale kwenye ukingo uliojificha chini ya fremu.

Kuziba sasa. Silikoni ya bafuni kaa nayo mbali, kwanza inaachia gari likitetemeka na jua likipiga, pili siku ukitaka kurekebisha hakuna rangi wala gundi inayokubali kushika pale ilipopita. Chini ya fremu unaweka tepu ya butili, ile laini kama ubani uliotafunwa, skrubu zinaibana mpaka inatokeza pembeni, ile iliyotokeza ndo dalili kwamba imejaa. Juu yake, kwenye vichwa vya skrubu na ukingo wote, unapaka silanti ya magari ya polyurethane, Sikaflex inapatikana maduka makubwa ya vifaa. Paa la Haisi lina vimatuta, si bapa, kwahiyo kwenye mabonde unajaza butili tabaka mbili tatu mpaka upate usawa kabla hujalaza fremu, hapa ndo penye kuvuja mara tisa kwenye kumi za nilizoletewa. Kwa ndani weka fremu ya mbao ya kama sentimita mbili, skrubu zing'ate mbao, bati peke yake ni jembamba litaachia.

Waya ni kazi ndogo. Feni ya aina hii kwenye namba ya chini inakula sehemu ndogo ya ampia moja na ikiwa mwisho inafika karibu ampia 3. Usiku mzima kwa namba ya chini ni ampia saa 5 hivi au pungufu, betri ya pili ya 100 haitajua hata kama ilikuwepo. Waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi yake peke yake karibu na betri, saizi ya fyuzi imeandikwa kwenye kitabu cha feni. Usichukue umeme kwenye betri ya kuwashia gari, utanipigia simu asubuhi ukiwa katikati ya tembo.

Sasa tuje kwenye kelele, na hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wanamwaga hela.

Fanya hivi kabla hujanunua. Bati likiwa uchi, gonga kwa kifundo cha kidole katikati ya ribu mbili. Litaitika "ngweeee" kama sinia. Hiyo ndo mvua yako, hiyo ndo lami yako, bati ni ngoma na kila tone ni mkono wa mpigaji. Chukua kipande kimoja cha butili yenye foili ya aluminiamu mgongoni, ya milimita 2, ukubwa wa karatasi ya A4, bandika palepale katikati, gonga tena. Linajibu "dup". Kipande kimoja tu. Mtetemo wa bati unaivuta butili huku foili inaishikilia kule, butili inasuguana yenyewe kwa yenyewe, nguvu ya sauti inaishia kwenye joto dogo ambalo hata hulihisi.

Ndo maana huhitaji kufunika paa lote. Robo mpaka nusu ya kila uwanja wa bati, katikati yake, inatosha, kinachobaki faida yake ni ndogo na uzito ni uleule. Hesabu: paa lako lina kama mita za mraba nne na nusu, ukifunika asilimia 40 ni chini ya mita mbili, na hii kitu ina kilo 3 hadi 4 kwa mita mraba, kwahiyo umeongeza kilo sita saba juu. Ukifunika lote unaongeza kilo kumi na nne hadi kumi na nane hivi kichwani kwa gari ambalo tayari ni refu na linayumba upepo wa Chalinze. Futa bati kwa spiriti kwanza, bandika, alafu kandamiza kwa rola ndogo au mgongo wa kijiko mpaka vile vidoti vya kwenye foili vilale vyote. Pasipolala hapajashika. Ile ya lami ya kuzibia mapaa ya nyumba usidanganywe ni kitu kilekile, bati juani linapita nyuzi 60, lami inalainika, inanuka, inaanza kukutiririkia.

Ila butili inaua mlio wa bati tu. Mngurumo wa injini ni jambo jingine na hautauzuia kwa kubandika paa, watu wanabandika paa mpaka mlango wa nyuma alafu wanashangaa. Injini ya Haisi iko chini ya viti vya mbele, umeikalia, na sauti inapanda kwenye mfuniko wake. Nyanyua kiti, nyanyua mfuniko, angalia raba inayozunguka. Kwa gari ya 2008 nina uhakika imekauka imekuwa kama mfupa, au kuna mahali imekatika na ukiweka mkono injini ikiwa inawaka unasikia upepo wa moto. Badilisha hiyo raba kabla ya kitu kingine chochote, ni hela ndogo kuliko vyote nilivyotaja na ndo yenye faida kubwa kuliko vyote. Kitundu cha kupitisha kidole kinakuharibia kazi ya zulia la laki tatu. Baada ya raba ndo unaweka uzito, raba nzito juu ya mfuniko na sakafu ya mbele, chini yake tabaka la sponji isigusane moja kwa moja na chuma. Usitegemee miujiza: kuongeza uzito mara mbili kunashusha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 5 au 6 hivi, na sikio linataka kushuka kama desibeli 10 ndo likubali kelele imepungua nusu. Upande wa injini wa mfuniko usibandike sponji yoyote isiyotengenezwa kwa moto.

Matao ya magurudumu ya nyuma unayapa butili yote bila ubahili, kokoto zote zinapigia pale na vichwa vyenu mkilala viko hapo hapo. Mlango wa pembeni, angalia raba na reli, nusu ya kelele ya mlango ni mlango wenyewe kucheza.

Juu ya butili inakuja sponji ile isiyonyonya maji, ya aina ya mikeka ya mazoezi, milimita 10 mpaka 20, imegundishwa kabisa kwenye bati bila kuacha mfuko wa hewa. Hii ndo inakutibia maji ya asubuhi. Yale maji si mvua, ni pumzi zenu. Watu wawili usiku mmoja mnatoa karibu nusu lita ya maji kwa kupumua na jasho, na Kitulo kule juu ya mita 2,600 bati linakuwa la baridi mpaka linauma, mvuke ukiligusa unageuka matone. Sponji inazuia mvuke usilifikie bati, feni inautoa mvuke nje, unahitaji vyote viwili, kimoja kikikosekana cha pili kinahangaika. Kwahiyo hata Kitulo kwenye baridi feni iwe inazunguka namba ya chini, najua mkeo atasema unamuua kwa baridi, ongeza blanketi.

Kupika ndani ni hivyohivyo. Kilo moja ya gesi ikiungua inazaa maji kama lita moja na nusu, yote yanaenda kwenye siling yako. Washa feni kabla hujawasha jiko. Na kumbuka gesi ya mtungi ikivuja ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni, feni ya paani haiioni, lazima uwe na tundu la sakafuni karibu na mtungi linalotokea nje chini ya gari. Jiko la mkaa ndani ya gari hapana, hata likiwa linafifia, hata feni ikizunguka.

Hilo tundu la sakafuni litakuletea kelele na vumbi, kama nilivyosema mwanzo. La gesi lenyewe liache lishuke wazi moja kwa moja chini, usilipindishe, jengea tu kijikabati mtungi kiwe na mlango wenye raba, kelele ibaki humo. Lile la kuingizia hewa ndo unalifanyia ujanja: kiboksi cha plaiwudi chenye kona mbili, ndani umebandika sponji, hewa inapinda inaingia, sauti inagonga ukuta inakufa njiani. Kwenye barabara za vumbi unafunga hilo na unazima feni, maana gari likikimbia mgongoni kwake panakuwa na mvuto, vumbi linatafuta mlango wa nyuma, na feni ikiwa inatoa hewa nje unalisaidia kuingia. Feni nyingine unaweza kuigeuza iingize hewa kutoka juu ambako vumbi ni dogo, ndani pakijaa hewa vumbi linakosa nafasi, ila soma kitabu kwanza, mifuniko mingine haitakiwi kuwa wazi gari likitembea.

Na usiku wa mvua kubwa mtakapotaka kimya kabisa, kata mto wa sponji nene wa 36 kwa 36 wenye kitambaa, usukumie kwenye shimo la feni kutokea ndani. Fungua dirisha moja kidogo upande usio na upepo. Hiyo dari ya plastiki ya feni ndo sehemu pekee itakayobaki inalia kama ngoma.

Na lile jaribio la maji, kabla hujabandika chochote wala siling haijarudi, silanti ikishakauka siku mbili, paki gari limeinama kidogo mbele, mtu apande na ndoo, amwage taratibu dakika kumi sio kurusha, we uko ndani na tochi na karatasi ya choo unapitisha kwenye ukingo wa fremu. Karatasi inaonyesha unyevu kabla jicho halijaona. Alafu ligeuze liiname nyuma, rudia. Ukipata hata tone moja usipake silanti nyingine juu, fungua skrubu zote, kwangua, weka butili mpya.